Tanuri la Atomiki na Sisi Watu wa Reli



Neno letu la mwezi huu si la mshahara wala si la nyumba za kazi, ijapokuwa hayo nayo hatujayasahau. Ni juu ya stima. Watu watatu wameniuliza swali moja katika majuma haya mawili: gadi mmoja wa gari la mizigo, mtoto wangu mwenyewe, na mama mmoja muuza samaki pale karibu na Bandari ya Kale. Huyu mama ndiye aliyenifanya niandike. Stima ilikuwa imepotea tangu jana yake, barafu imekwisha kuwa maji, na nguru wake wawili wakubwa wameanza kulegea machoni. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mtu wa chama na wa reli, unasoma makaratasi. Hiyo stima ya nyuklia wanayoisema redioni, ni kweli itakuja? Na ikija, itatuua au itatuponya?"

Sikuwa na jibu. Nilinunua nusu ya nguru mmoja nikaenda zangu. Lakini swali lile lilinifuata njia nzima tangu Kibokoni mpaka Makupa, na kwa kuwa gazeti letu hili ni la watu wanaofanya kazi kwa mikono, naona yafaa tulizungumze kwa lugha yetu wenyewe, tusiwaachie mainjinia na wanasiasa peke yao.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Kinu cha nyuklia ni boila. Wazee wetu waliokuwa mafayamani wa magari ya moshi wangekielewa upesi kuliko mawakili wa Nairobi. Babu yangu alikuwa fayamani wa zile injini kubwa za Garratt zilizopewa majina ya milima, akichoma mafuta mazito chini ya boila, maji yakageuka mvuke, mvuke ukasukuma pistoni, magurudumu yakazunguka. Katika kinu cha nyuklia hakuna mafuta wala kuni. Kuna vyuma vyembamba vilivyojazwa urani, na chembe ndogo kabisa za urani, ndizo atomi, hupasuka moja baada ya nyingine na kutoa moto mwingi ajabu. Moto huo huchemsha maji, na mvuke huzungusha tabini, mfano wa panka kubwa la chuma, na tabini ikazungusha mtambo wa umeme. Basi. Sisi watu wa pwani tulipouita umeme "stima", jina lililotoka katika mvuke, hatukukosea sana.

Tofauti kubwa ni chakula cha boila yenyewe. Kinu cha megawati 1,000 hula tani 27 hivi za fueli ya urani kwa mwaka mzima. Huo ni mzigo ambao behewa moja laweza kuubeba. Kinu cha makaa ya mawe chenye nguvu hizo hizo hutaka tani milioni 3 kwa mwaka. Nimepiga hesabu kwa mabehewa ya tani 60: ni mabehewa 50,000, yaani mabehewa 137 kila siku ya Mungu, pamoja na sikukuu. Na moshi wa mabehewa hayo yote huenda juu, na joto lake laturudia sisi katika ukame na mafuriko. Urani haitoi moshi huo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba habari hii ya nyuklia ni upuuzi mtupu. Ufaransa hupata karibu theluthi mbili ya umeme wake kwa njia hiyo. Ndugu zetu walio kazini Abu Dhabi na Dubai, nao ni wengi kutoka mitaa hii hii ya Mji wa Kale, Majengo na Kisauni, leo huwasha viyoyozi kwa umeme ambao robo yake yatoka kinu cha Barakah, chenye matanuri manne na megawati 5,600, la kwanza likianza kuuza umeme mwaka 2021 na la mwisho 2024. Nchi yenye mafuta chini ya mchanga yajenga nyuklia! Hilo lapasa kutufikirisha.

Sasa tuje kwetu. Mombasa haikuwa ya mwisho katika mambo ya umeme. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa hapa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alikabidhi mtambo wake kwa kampuni ya umeme ya Mombasa, na mwaka 1922 kampuni hiyo na ile ya Nairobi zikaunganishwa kuwa East African Power and Lighting. Baadaye tukaona mabomba ya moshi kule Kipevu, na mwaka 2011 ukafunguliwa huko mtambo wa tatu, wa megawati 120, unaochoma mafuta mazito. Kila atokaye kazini alfajiri akivuka Makupa anajua harufu ya mafuta hayo. Kwa muda mrefu kisiwa hiki kilikuwa kikiwasha taa kwa kuchoma mafuta yaliyokuja kwa meli.

Bara wenzetu walipata bahati nyingine. Huko Olkaria mvuke hutoka wenyewe ardhini, na tangu mwaka 1981 umekuwa ukizungusha mitambo. Leo mvuke wa ardhi ndio mama wa umeme wa Kenya. Pamoja na maji, upepo na jua, hutoa karibu sehemu tisa katika kumi za umeme tunaoutengeneza. Sijui kama wanachama wanalitambua jambo hili. Wazungu wanaotuhubiria habari za nishati safi, wengi wao hawajafika tulipofika. Basi mtu atauliza, ikiwa tuna mvuke bure chini ya miguu yetu, na wataalamu wakikadiria kwamba Bonde la Ufa laweza kutoa megawati 10,000, tanuri la atomiki la nini?

Jibu la serikali ni kwamba matumizi yanakua. Mwaka 2025 matumizi ya saa ya jioni, wakati kila nyumba inapika na kuwasha taa, yalipita megawati 2,300. Nchi inataka viwanda, magari ya umeme, na garimoshi la umeme pia. Mito hukauka, wazee wanakumbuka mgawo wa stima wa mwaka 2000, ukame ulipoyashika mabwawa ya Tana. Upepo nao hupumua na kunyamaza, na jua hulala saa ile ile sisi tunapowasha taa. Nyuklia hufanya kazi usiku na mchana. Katika hoja hiyo kuna ukweli, nasi hatutaki kuuficha.

Kazi yenyewe ilianza zamani kidogo. Kamati iliwekwa mwaka 2010, ikageuka bodi mwaka 2012, na kwa sheria ya nishati ya mwaka 2019 ikawa shirika la serikali linaloitwa NuPEA. Shirika hilo likatangaza kinu cha megawati 1,000, kazi ya kujenga ianze mwaka 2027 na umeme utoke 2034, gharama yake shilingi bilioni 500 hivi. Na mahali palipochaguliwa ni Uyombo, katika Kilifi, baina ya Matsangoni na Watamu, mahali ambapo wengi wetu tuna shemeji au mjomba. Novemba 2024, katika mkutano wa hali ya hewa uliofanyika Baku, Kenya ikatia sahihi pamoja na nchi nyingine zilizoahidi kuongeza nguvu za nyuklia za dunia mara tatu ifikapo mwaka 2050.

Uyombo hawakushangilia. Ni watu wa dau na nyavu, wa kaa na pweza, na jirani yao ni hori la Mida lenye mikoko, mbuga ya bahari ya Watamu, na msitu wa Arabuko-Sokoke. Boila kubwa hutaka maji mengi ya kupoza mvuke, na kinu cha namna ile hunywa makumi ya tani za maji ya bahari kila sekunde na kuyarudisha yakiwa ya moto. Mvuvi haitaji kwenda chuo kikuu ili aulize samaki watakwenda wapi. Wakaandika malalamiko yao kwa Bunge mwaka 2023, wakaandamana, na Mei 2024 polisi wakawatawanya kwa nguvu, watu wakaumizwa. Mimi nasema hapa bila kumung'unya maneno: mradi unaoanza kwa kuwapiga wenye ardhi umeanza vibaya, hata kama hesabu zake zote ni sahihi.

Mwaka 2025 viongozi wakaanza kusema kwamba kinu kitapelekwa Siaya, kando ya Ziwa Victoria, ambako viongozi wa huko walikipokea kwa mikono miwili. Wengine hapa pwani wakapumua na kusema, "Alhamdulillahi, limetuondokea." Ndugu zangu, halijatuondokea. Nitaeleza kwa nini huko mbele. Na juu ya hayo, mvuvi wa Siaya ni mfanya kazi kama mvuvi wa Uyombo, na ziwa halina mkondo wa bahari wa kulisafisha.

Watu wa Mombasa tuna sababu ya kutokuamini kwa wepesi. Nenda Owino Uhuru, kule Mikindani, ukaulize. Kiwanda kilijengwa pale ukutani mwa nyumba za watu, mwaka 2007, kuyeyusha betri kuukuu za magari na kutoa risasi. Kilikuwa na karatasi za ruhusa. Watoto wakapatikana na risasi katika damu, wakubwa wakaugua, na wafanya kazi wenyewe, wale waliopakua betri kwa mikono mitupu, hawakupona. Mama mmoja aliyekuwa mfanya kazi wa ofisini mle kiwandani, Phyllis Omido, akaona mtoto wake mwenyewe ameingiwa na sumu, akaanza kupiga kelele. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mahakama ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, mahakama ya rufani ikaivunja hukumu mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabu mwenyewe: tangu kiwanda kilipoanza mpaka neno la mwisho la hakimu ni miaka 17. Na hiyo ni risasi, kitu ambacho mafundi wetu wa karakana wanakijua kwa macho. Mionzi ya atomiki haionekani, hainuki, haina ladha. Ikiwa serikali haikuweza kusimamia tanuri la betri, kilomita chache kutoka ofisi zake za Mombasa, yatupasa kuuliza nani atalisimamia tanuri la urani. Si ajabu kwamba mama huyo huyo na wenzake ndio waliosimama na watu wa Uyombo.

Hata hivyo mimi si katika wale wanaosema nyuklia ni jini. Nataka tulitazame jambo ambalo watu hawalisemi katika mikutano, maana halina kelele, nalo ni jambo la ufundi ambalo mtu wa reli analijua.

Chukua gari la mizigo linalopanda mlima wa Mazeras likivutwa na injini kumi ndogo. Moja ikizimika, tisa zilizobaki zitaugua lakini zitafika. Sasa chukua gari lile lile, nusu ya nguvu yake ukaiweka katika injini moja. Hiyo ikizimika katikati ya mlima, gari halisimami tu, linarudi nyuma. Ndivyo zilivyo nyaya za umeme za nchi. Mainjinia wa umeme wana kanuni yao, kwamba mtambo mmoja usizidi kama sehemu moja katika kumi ya nguvu yote iliyo katika nyaya, ili ukizimika ghafula nchi isizimike nao. Sisi tunatumia 2,300 jioni, na usiku wa manane ni pungufu sana. Mtambo mmoja wa 1,000! Huo si sehemu moja katika kumi. Ni karibu nusu. Hata nchi ikikua mpaka 2034, lazima ikue sana kabla ya kuweza kuubeba.

Nasi tumekwisha kuonja kiza. Agosti 25, 2023, stima ilipotea nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Nairobi ukawa giza na wageni wakakaa na mabegi yao wakitumia taa za simu. Desemba mwaka huo huo ikapotea tena. Sikilizeni sasa jambo linalonikosesha usingizi. Tanuri la atomiki likizimwa haliachi kuwa moto papo hapo. Laendelea kutoa joto siku nyingi, na lazima maji yasukumwe kulipoza, na pampu za maji zinataka umeme. Kule Fukushima, Japani, mwaka 2011, matanuri yalijizima vema tetemeko lilipokuja. Ni wimbi la bahari lililofuata ndilo lililozamisha jenereta za akiba, umeme ukakosekana, pampu zikasimama, na vyuma vikayeyuka. Kwa hiyo kinu kinachotoa umeme chahitaji kwanza umeme wa kuaminika kutoka nje. Sisi bado tunauza samaki walioharibika kwa sababu transfoma ya mtaa imelipuka. Na wimbi hilo si hadithi ya mbali: Desemba 26, 2004 lilitoka Asia likafika hata pwani ya Kenya, na mtu mmoja akafa maji.

Kuna matanuri madogo yanayotengenezwa siku hizi. Warusi wana kinu kimoja kinachoelea juu ya meli, kinawasha mji wa Pevek tangu 2020, megawati 70 tu. Wachina wana kinu cha megawati 210 kilichoanza kazi ya biashara mwishoni mwa 2023. Kama Kenya yataka kujifunza, ningeona akili zaidi katika vipimo hivyo kuliko katika kuvaa koti la jitu. Lakini hayo madogo ni machache mno duniani, na hatupaswi kuwa watu wa kujaribiwa nguo ambazo wenyewe hawajazivaa.

Fedha. Hapa sitakaa sana, maana kila mwenye tokeni ya stima anajua. SGR yetu, kipande cha Mombasa mpaka Nairobi, ilikopewa dola bilioni 3.2 kutoka Uchina, na deni hilo tunalilipa sote, mwenye kupanda gari na asiyepanda. Kinu hiki kingezidi hapo. Na kazi ya nyuklia ina desturi mbaya ya kuchelewa: Ufini, nchi tajiri na yenye mafundi, ilianza tanuri lake la tatu la Olkiluoto mwaka 2005, likatazamiwa kuisha 2009, likaanza kazi rasmi 2023. Riba haingoji. Juni 2025 Benki ya Dunia iliondoa katazo lake la miaka mingi la kukopesha miradi ya nyuklia, kwa hiyo wakopeshaji hawatakosekana. Sisi tulikwisha kuona upande wa Turkana mitambo 365 ya upepo imesimama tayari mwaka 2017, lakini waya wa kuleta umeme haukumalizika mpaka mwaka uliofuata, na fidia ikalipwa kwa upepo uliovuma bure. Kwa misheni tulifundishwa habari za mtu aliyeanza mnara bila kukaa kwanza kuhesabu gharama. Mwalimu wetu alipenda kutuuliza, "Na mafundi wake je, nani aliwalipa?" Swali hilo halimo katika Injili, lakini lilikuwa swali zuri.

Basi nani atawalipa mafundi? Hapo ndipo chama kinapoingia. Twaambiwa kutakuwa na kazi kwa maelfu. Kazi za aina gani? Za kuchanganya saruji kwa miaka saba, kisha kwaheri? Kinu kikimalizika huendeshwa na watu mamia kadhaa wenye elimu ya juu, na kama vijana wetu hawakuanza kusomeshwa sasa, viti hivyo vitakaliwa na wageni. Barakah ilijengwa na Wakorea kwa mikono ya watu wa mataifa mengi, katika nchi ambayo vyama vya wafanya kazi haviruhusiwi. Sisi vyama tunavyo. Vilipatikana kwa shida: mwaka 1947 watu wa reli na wa bandari wa kisiwa hiki waliweka zana chini siku 12 na kukusanyika Kiwanja cha Maskini. Hawakuwa mainjinia, lakini walijua kuuliza. Sheria ya kimataifa yasema mfanya kazi wa kinu asipate mionzi zaidi ya kipimo cha milisivati 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5, na mtu wa kawaida asizidi 1. Kila mfanya kazi hupewa kidude kifuani cha kupima. Mimi nataka kujua kidude hicho kitasomwa na nani, daftari lake litawekwa wapi, na je, fundi wa kibarua aliyeletwa kwa majuma mawili kubadilisha vyuma naye atapewa, au ataambiwa jua ni kali kofia inatosha?

Habari hii ya watu kubeba wasichokijua ina historia, tena ya watu wanaosema Kiswahili kama sisi. Urani iliyotengenezea bomu la Hiroshima mwaka 1945, sehemu kubwa yake ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga. Wachimbaji wa Kikongo waliitoa kwa mikono. Ilipakiwa katika magari ya reli, ikapelekwa Port-Francqui, ikashushwa katika mashua za mtoni mpaka Léopoldville, ikapakiwa tena relini mpaka bandari ya Matadi. Watu wa reli ndio waliosukuma mzigo ule, na hapana aliyewaambia ni kitu gani. Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Ndiyo sababu nilisema kwamba jambo hili halijatuondokea. Kinu kikijengwa Siaya, vyuma vyake vitapita wapi? Mlangoni mwetu, Kilindini. Chungu kikuu cha tanuri ni chuma kimoja cha mamia ya tani. Fueli yake mpya itashuka gatini hapa kila mwaka na nusu hivi, na itakwenda bara ama kwa barabara ama kwa reli. Fueli mpya si ya hatari sana, yaweza kubebwa kwa uangalifu wa kawaida. Lakini ile iliyokwisha kutumika ni habari nyingine kabisa. Ukisimama karibu nayo bila kinga utakufa, nayo hubaki na sumu kwa maelfu ya miaka. Itazikwa wapi? Ikiwa makubaliano ni kuirudisha kwa waliotuuzia, basi itapita tena katika reli yetu, Nakuru, Nairobi, Voi, Mariakani, mpaka gatini, katikati ya Changamwe na watu wake wote. Dereva atakayeivuta ni mwanachama wetu. Gadi ni mwanachama wetu. Mpanga mabehewa atakayeunganisha kopling ni mwanachama wetu. Na mpaka leo sijaona mtu yeyote akija kwenye ofisi ya chama kutuuliza, wala hata kutuarifu.

Mtanisema, "Mhariri ameukataa umeme." La. Niliona garimoshi la umeme kwa macho yangu, Dar es Salaam. Wenzetu walianza kwenda nalo Morogoro mwezi wa Juni 2024, na Dodoma mwaka huo huo. Halina moshi, halina kelele, dereva hatoki mweusi mashavuni. Umeme wake hutoka katika nyaya za taifa, na nyuma yake kuna bwawa la Rufiji la megawati 2,115. Nilisimama pale stesheni kama mtoto. SGR yetu ilianza 2017 kwa dizeli na mpaka sasa ni dizeli. Siku tutakapoweka nyaya juu ya njia ile tutahitaji umeme mwingi na usiokatika. Kwa hiyo haja ninayo, tena kubwa. Nami najua mabadiliko huja na hayaombi ruhusa: babu yangu alipoteza koleo lake kwa dizeli, akapewa kazi ya kufagia banda, na hapana aliyemwuliza. SGR ilipokuja, sisi wengine tulipata kazi safi yenye sare, na ndugu zetu wa malori na wa maghala ya hapa Mombasa wakakosa riziki. Mwaka 2019 waliandamana mjini nasi wengi wetu tukawatazama tu kutoka dirishani. Sisemi haya kwa fahari.

Kwa hiyo halmashauri ya tawi imekubaliana kuandika barua kwa wizara na kwa NuPEA, nayo haina matusi wala vitisho. Twaomba waziri aeleze hadharani, kwa Kiswahili, nyaya za nchi zitabebaje mtambo wa megawati 1,000, na kama mvuke wa Olkaria na Menengai umekwisha kuchimbwa wote kabla ya kukimbilia urani. Twaomba njia ya mzigo, wa kwenda na wa kurudi, ionyeshwe kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Na twataka vyama vya reli, bandari, umeme na ujenzi vipewe viti pale panapotungwa kanuni za usalama. Watu wa Siaya na wa Uyombo wana mambo yao ya kusema, nasi hatutayasema kwa niaba yao. Tutawaunga mkono waruhusiwe kuyasema bila rungu.

Wanachama walio na jamaa huko Uyombo, au kijana anayefanya kazi Barakah, au mzee aliyepata kubeba mizigo ya hatari relini, wanaombwa walete habari zao ofisini kabla ya tarehe 20, zimeandikwa au kwa mdomo. Asiyeweza kuandika atasaidiwa na karani. Barua itasomwa katika mkutano wa Jumapili ya kwanza baada ya mshahara, saa nne asubuhi, na mwenye neno la kuongeza aje nalo. Yule mama wa samaki nimemwambia naye aje. Ameniuliza kama kutakuwa na barafu.

Mhariri